Alishinda Mechi 38, Mbona Hakupata Nafasi?

Hotuba kwa wazazi na vijana wazungumzao Kiswahili, Columbus, Ohio

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, hamjambo. Vijana mliokaa huko nyuma na jezi zenu, naomba msogee mbele, maana maneno ya leo ni yenu kwanza.

Wazazi wengi hapa mmetoka Bukavu, Uvira na Goma, wengine Kigoma, wengine Mombasa. Mlikuja na soka, na watoto wenu wakaupenda mpira huu mwingine, wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki. Mimi naufundisha katika shule ya sekondari, na kila tunapokutana, iwe harusini au msibani, swali huwa lile lile: "Mwalimu, kijana yule alitikisa chuo kizima. Mbona kwenye ligi kubwa hatukumwona? Alionewa, au hakuwa mchezaji?"

Nitajibu kwa kumtaja mtu ambaye katika mji huu hahitaji kutambulishwa. J.T. Barrett alikuwa kwotabeki wa Ohio State kuanzia 2014 hadi 2017. Kwa wazee ambao bado mnajifunza: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza na kuamua aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Barrett aliiongoza timu yake kushinda mechi 38, na hakuna kwotabeki wa chuo hicho aliyekuwa amefikia idadi hiyo. Alihusika na tachidauni 147, yaani mabao ya mpira huu, 104 kwa kurusha na 43 kwa miguu yake, rekodi katika historia ya ligi ya Big Ten. Alichaguliwa nahodha mara tatu. Na hakufungwa na Michigan, mahasimu wakubwa wa chuo hicho; nadhani mnajua katika mji huu maana yake.

Aprili 2018 timu za NFL, ile ligi kubwa mnayoiulizia, zikakaa kuchagua vijana kutoka vyuoni, shughuli wanayoiita drafti. Raundi saba, wachezaji 256. Raundi ya kwanza peke yake ilichukua makwotabeki watano. Jina la Barrett halikutajwa, si siku ya kwanza, si ya pili, si ya mwisho. New Orleans Saints wakamsajili baadaye kama mchezaji huru. Mwisho wa kambi wakamkata, wakamrudisha kwenye kikosi cha mazoezi, yaani wale wanaofanya mazoezi na timu bila kuwa kwenye kikosi cha mechi, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya msimu rasmi wa NFL.

Sasa tuingie ndani ya kambi ile ya New Orleans, maana jibu la swali lenu limo humo, na ni jibu ambalo takwimu za chuoni haziwezi kuwaonyesha.

Kwotabeki wa kwanza pale alikuwa Drew Brees, mwenye miaka 39, mmoja wa warushaji bora waliowahi kuugusa mpira huu. Kiti hicho hakikuwa na mjadala. Kiti cha pili kilihitaji mtu wa kuishika timu iwapo Brees angeumia, mtu aliyekwisha kucheza NFL. Mwisho wa Agosti Saints wakamchukua Teddy Bridgewater kutoka New York Jets, wakatoa haki yao ya kuchagua katika raundi ya tatu ili wampate. Kikabaki kiti cha tatu. Na kwotabeki wa tatu, ndugu zangu, ni mtu ambaye timu inaomba Mungu asihitajike. Kocha anajiuliza: huyu atakula nafasi katika kikosi changu kwa ajili gani?

Aliyekaa kwenye kiti hicho ni Taysom Hill. Huyu alisoma Brigham Young, na misimu yake minne ya chuo ilikatishwa na majeraha. Alipoingia NFL mwaka 2017 alikuwa anakaribia miaka 27, naye hakuchaguliwa kwenye drafti. Timu ya Green Bay ilimkata, Saints wakamchukua. Ukiweka karatasi yake ya chuo kando ya ile ya Barrett, hakuna mzazi hapa angemchagua Hill. Lakini Hill alikuwa mkubwa, mwenye nguvu na mbio za ajabu, na Saints walipomwambia akimbie kuzuia mipira ya mikwaju, ile inayopigwa kwa mguu, kazi ambayo kwotabeki haifanyi, alikubali. Msimu ule wa 2018 alirudisha mikwaju, akakimbiza warudishaji wa upande wa pili, akaingia kucheza kama mkimbiaji, na mwezi Desemba dhidi ya Tampa Bay akazuia mkwaju kwa mwili wake. Kiti kimoja, kazi nne.

Hapo ndipo kosa letu lilipo tunapotazama kwa mbali. Tunadhani timu inapanga wachezaji kuanzia aliye bora zaidi mpaka wa 53, ndiyo idadi ya kikosi, kisha inachora mstari. Timu haipangi hivyo. Ina kazi ambazo lazima zifanywe, na inatafuta mtu kwa kila kazi. Barrett hakushindwa na mchezaji bora kuliko yeye katika kurusha mpira. Kazi aliyoijua ilikuwa na wenyewe tayari, na ile iliyobaki wazi ilikuwa ya mtu wa aina nyingine.

Hesabu yenyewe ni kali. Timu ni 32, kila moja na watu 53, jumla 1,696. Nafasi hizo haziko tupu zikisubiri wahitimu, zina watu wazima wenye familia na mikopo ya nyumba ambao hawana nia ya kuondoka. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kimewahi kukadiria kwamba kati ya wachezaji waliofikia kuingia drafti, wanaofika NFL ni asilimia 1.6 hivi. Kambi inaanza na watu 90 kwa kila timu. Mwisho wa Agosti wanabaki 53. Piga hesabu: watu 37 mara timu 32, ni zaidi ya 1,100 wanaopoteza nafasi katika siku chache. Baadhi yao wanarudi kwa mlango wa kikosi cha mazoezi, ambacho sasa kina nafasi 16 kwa timu. Walio wengi wanafungasha.

Vijana, nataka mjue siku hiyo inavyokwenda, maana hakuna anayewaonyesha kwenye simu zenu. Hakuna sherehe wala kamera. Mfanyakazi mmoja wa timu, ambaye kwa desturi ya zamani wachezaji humwita Turk, anakuja mlangoni au anakukuta kwenye kabati lako la nguo na kukwambia kocha anataka kukuona, njoo na kitabu chako cha michezo. Siku hizi kitabu ni tableti, na wanaichukua kwa sababu siri za timu zimo humo. Unaingia, unaambiwa asante, unapimwa afya kwa mara ya mwisho, unapewa tiketi ya ndege. Aliyefanyiwa hivyo yaweza kuwa ni kijana aliyeshangiliwa na watu 100,000 miezi minane tu iliyopita.

Nirudi uwanjani, kwa sababu wapo wanaosema: kama kijana ana kipaji, mpira si ni ule ule? Mpira si ule ule. Ukiutazama uwanja kwa juu utaona safu mbili za alama fupi zinazoshuka katikati. Kila mchezo unaanzia juu ya alama hizo au kati yake. Chuoni safu hizo zimeachana futi 40, karibu mita 12. NFL zimeachana futi 18 na nusu, chini ya mita 6. Upana wa uwanja ni mmoja kote kote. Sasa fikirini: chuoni mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia unabaki na mita 30 za nafasi wazi. Kocha mwerevu wa chuo anawatawanya wakimbiaji wake upande huo, walinzi wanalazimika kutawanyika nao, na kwotabeki anapata mianya mikubwa ya kurusha au kukimbia. Mashambulizi ya Ohio State enzi za Barrett yalijengwa juu ya nafasi ya namna hiyo. NFL mpira daima uko karibu na katikati. Uwanja umesawazika, mwanya ulioonekana kwa sekunde mbili sasa unaonekana kwa nusu sekunde, na mlinzi anayeufunga alikuwa nyota wa chuo chake pia.

Kuna sheria nyingine ndogo ambayo mashabiki hawaizungumzii. Chuoni, wale wanaume wazito wa mstari wa mbele wanaruhusiwa kusonga mpaka yadi 3 mbele, karibu mita 3, huku kwotabeki bado anaweza kurusha. NFL ni yadi 1. Makocha wa vyuo wametumia yadi hizo mbili za ziada kutengeneza michezo ambayo walinzi hawajui kama mpira utarushwa au utakimbizwa. Kijana anakamilisha mirusho hiyo wiki baada ya wiki, takwimu zinapanda, nyumbani tunashangilia. Skauti wa NFL, yaani mtafuta vipaji, anayetazama mkanda ule ule anauondoa mrusho baada ya mrusho, akisema huu hauwezekani kwetu, na huu, na huu. Mwisho anabaki na mirusho michache, na hiyo ndiyo anayoitolea hukumu.

Hata mpokeaji anaguswa. Chuoni akidaka mpira pembeni, mguu mmoja ndani ya mstari unatosha. NFL ni miguu miwili. Kijana aliyedaka hivyo tangu utotoni anagundua akiwa na miaka 22 kwamba mwili wake umezoea mguu mmoja.

Wakati wa kujifunza upya uko wapi? Huo ndio ugumu mkubwa wa siku hizi. Mkataba wa 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji uliweka kikomo: mazoezi 14 tu ya kugongana kwa mavazi kamili katika msimu mzima. Ninaunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, kwa sababu tumeona yanayowapata wazee wa mpira huu vichwani mwao. Lakini umefanya kocha asiwe na muda wa kumlea mgeni. Kabla ya 2021 kulikuwa na mechi nne za matayarisho kabla ya msimu, na sasa kwa kawaida ni tatu. Ligi ya Ulaya iliyokuwa ikimilikiwa na NFL, ambako vijana walitumwa kukomaa, ilifungwa 2007. Kurt Warner, aliyekatwa na Green Bay mwaka 1994 akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za duka la Hy-Vee huko Iowa, alipitia mpira wa ukumbini, kisha akachezea Amsterdam katika ligi hiyo ya Ulaya, na mwishoni mwa msimu wa 1999 akashinda Super Bowl, fainali ya NFL, na St. Louis Rams. Watu wanapenda kuwasimulia vijana habari zake. Nami nampenda. Ila njia aliyopita Amsterdam haipo tena, na anayemtumia kama ahadi kwa mtoto wako inampasa akwambie hilo.

Na pesa ina sauti kambini. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza amekwisha kuhakikishiwa mamilioni, na meneja aliyemchagua ameweka jina lake rehani, hivyo makosa yake yanaitwa kukomaa. Asiyechaguliwa amepewa fedha kidogo ya kusaini, na kosa lake moja katika mechi ya matayarisho laweza kuwa la mwisho, kwa sababu kumwacha hakumgharimu mtu. Si haki kabisa. Nawaambia kama lilivyo ili msije mkamlaumu mtoto kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwake.

Mwili pia. Jason White wa Oklahoma alishinda Heisman mwaka 2003, tuzo ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani. Magoti yake yote mawili yalikuwa yamefanyiwa upasuaji. Mwaka 2005 raundi saba zilipita bila jina lake. Tennessee Titans wakampa nafasi ya kujaribu, na yeye mwenyewe akaona magoti hayamudu, akaacha. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, wachezaji zaidi ya 300 huitwa Indianapolis kupimwa: mbio za yadi 40, kuruka, kunyanyua kilo 102 mara nyingi wawezavyo, hata urefu wa kiganja. Televisheni inaonyesha mbio. Timu zinajali zaidi chumba cha madaktari, ambako kila goti na kila bega linavutwa na kupigwa picha na mashine. Ndugu zetu wa Kongo mtamkumbuka Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada. Mwaka 1995 akiwa na Michigan aliikimbilia Ohio State yadi 313 katika mechi moja, na wazee wa mji huu bado wanaumia wakikumbuka. Carolina walimchagua wa 8 katika drafti ya 1996. Alipata nafasi, ndiyo, lakini majeraha yalimwandama, na baada ya msimu wa 2001 mwili ulikuwa umemaliza.

Sasa nije kwa jambo ambalo vijana wengi hawataki kulisikia. Ukitoka kwenye wale 22 wanaoanza na wasaidizi wao wa karibu, waliobaki kwenye kikosi wanaishi kwa timu za mikwaju. Hapa ndipo mlinzi wa tano au mpokeaji wa sita anapolipwa: mpira umepigwa, unakimbia mita 50 kwa kasi yako yote, unapita katikati ya watu wanaotaka kukuangusha, unamwangusha aliyedaka. Nyota wa chuo hajaifanya kazi hiyo tangu alipokuwa na miaka 18, kwa sababu kocha wake aliogopa asiumie. Scooby Wright wa Arizona mwaka 2014 alishinda tuzo tatu kubwa za walinzi, Nagurski, Bednarik na Lombardi, kwa pamoja. Msimu uliofuata akaumia. Cleveland walimchagua raundi ya saba mwaka 2016 na kumkata kabla ya msimu kuanza. Baadaye Arizona Cardinals walimpa nafasi. Mlinzi wa raundi ya saba haulizwi ana tuzo ngapi. Anaulizwa anakimbia kasi gani nyuma ya mkwaju.

Na hapa kuna Mkenya ambaye kila kijana wa hapa anapaswa kumjua. Daniel Adongo alikuwa mchezaji wa raga. Hakuwahi kucheza mpira wa Kimarekani chuoni, wala sekondari, wala popote. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili, wakamweka kikosi cha mazoezi, na mwezi Desemba wakampandisha kwenye wale 53, akacheza timu za mikwaju. Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Tafakarini: mwaka ule ule, mamia ya vijana waliokuwa na miaka kumi na zaidi ya mpira huu, wenye picha zao ukutani vyuoni mwao, walikuwa wamekatwa. Adongo hakujua hata majina ya michezo mingi. Alijua kukimbia na kugonga, na kulikuwa na kazi ya mtu anayekimbia na kugonga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama.

Kwa hiyo Barrett hakuwa mchezaji? Nakataa kwa sauti kubwa. Mtu aliyesoma uwanja hivyo na kuongoza wenzake miaka minne hakupoteza alichonacho siku alipokatwa. Aliingia kwenye ukocha huko Detroit, na mwaka 2025 Chicago Bears wakamkabidhi makwotabeki wao awafundishe. Kellen Moore wa Boise State alishinda mechi 50 na kupoteza 3, hakuchaguliwa mwaka 2012, akaanza mechi mbili tu za NFL na Dallas. Mwaka 2025 New Orleans Saints wakamfanya kocha mkuu. Ligi iliona miili yao haitoshi kwa kazi iliyokuwa wazi, kisha ikarudi kutafuta vichwa vyao.

Wazazi, makocha wa vyuo watakuja sebuleni kwenu. Watakuja na kofia na maneno matamu, na mwanenu atawatazama kama malaika. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, kwa hiyo fedha nayo itatajwa mapema, pengine kabla ya chai kupoa. Msione haya kuuliza, hata kama Kiingereza chenu si cha redioni. Mimi nitakuja kukaa nanyi na kutafsiri, mnipigie tu.

Muulizeni: katika wachezaji wa nafasi ya mwanangu waliopita kwako miaka mitano iliyopita, wangapi walimaliza digrii, na digrii ya nini? Akiumia goti mwaka wa pili, ufadhili unaendelea au unakatwa, na je, hilo limeandikwa? Nani analipia matibabu ya jeraha hilo akishaondoka chuoni? Utamfundisha kucheza nyuma ya mkwaju, au utamficha kwa sababu ni nyota wako? Na wewe mwenyewe kocha, mkataba wako unaisha lini? Wengi wanaondoka kabla ya vijana waliowaleta, na hilo la mwisho ndilo huwafanya wakae vizuri kwenye kiti.